Mtutu mfupi, marisau na kanga wa Mtwara: fizikia inasema nini?

Ukikaa na watu wanaozungumzia bunduki, iwe Mikindani, Newala au hata Mwanza, hutachelewa kusikia maneno haya: mtutu mfupi unatawanya, mtutu mrefu unapiga mbali. Yanasemwa kwa uhakika kabisa, kama vile mtu anavyosema maji huteremka. Na kwa sababu yanasemwa hivyo, kuna watu wanachagua bunduki ya kuwindia kanga kwa kufuata hayo tu. Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanachukua bunduki nzima, wanamwambia fundi aikate.

Hebu tuyapime. Hesabu tutakazotumia ni za kidato cha tano, ukiacha moja ambayo utakutana nayo mwaka wa kwanza chuoni.

Kwanza tukubaliane maneno. Bunduki ya marisau, ambayo wengi wanaiita shotigani, hairushi kipande kimoja cha chuma. Inarusha punje ndogo nyingi kwa mpigo mmoja. Kiswahili hapa kina utani wake: "risasi" ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na "risasi" pia ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Neno lilitoka Uarabuni likiwa na maana ya madini, kisha likahamia kwenye kile kilichotengenezwa kwayo. Katika makala hii nikisema "madini ya risasi" nina maana ya metali. Punje nitaziita marisau.

Ukubwa wa tundu la mtutu hupimwa kwa geji. Geji 12, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani, ina tundu la milimita 18.5 hivi. Namba 12 inatokana na hesabu ya zamani: chukua ratili moja ya madini ya risasi, igawe katika mafungu 12 sawa, kila fungu lifanye duara, duara hilo ndilo linaloingia kwenye mtutu huo. Ndiyo maana geji 20 ni ndogo kuliko geji 12, jambo linalowachanganya wengi.

Sasa, kwa nini mtu wa Mtwara atake mtutu mfupi? Sababu zake ni za kweli, tusizidharau. Pwani hii, kutoka Mikindani kushuka Msimbati hadi Kilambo kwenye Mto Ruvuma, imejaa vichaka vya pwani vilivyofungana. Mashamba ya mikorosho nayo yana matawi yanayoinama hadi kiunoni. Kanga na kororo (yule kanga mwenye kishungi) hawakai mahali peupe wakikusubiri. Wanafukua mbegu asubuhi na mapema, wakikusikia wanakimbia kwa miguu kwanza, kisha wanaruka ghafla kutoka mita 10 au 20 mbele yako. Mtutu wa inchi 30, yaani sentimita 76, unanasa kwenye kila tawi. Ukiubeba kwenye baiskeli au mtumbwi ni adha nyingine.

Kwa hiyo swali si kama ufupi una faida. Swali ni unalipa nini kwa faida hiyo.

Kasi: unapoteza kidogo kuliko unavyodhani

Risasi ya kawaida ya geji 12 yenye gramu 28 za marisau hutoka kwenye mtutu wa sentimita 71 kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde, zaidi au pungufu kidogo. Baruti ya kisasa huungua haraka sana. Mgandamizo wa gesi hufikia kilele ndani ya sentimita chache za mwanzo, na marisau yakifika katikati ya mtutu kazi kubwa imeshafanyika. Sehemu iliyobaki inaongeza kasi, ila kidogo kidogo.

Kanuni ya makadirio ni kwamba kila inchi unayopunguza inakula mita 1.5 hadi 3 kwa sekunde. Ukitoka sentimita 71 kwenda 51 (inchi 8), umepoteza mita 12 hadi 24 kwa sekunde. Chukua katikati: umebaki na 380 na ushee. Hiyo ni hasara ya asilimia tano hivi.

Na hata hiyo tofauti haidumu. Punje ndogo ya duara ni chombo kibovu sana cha kupasua hewa, na ukinzani wa hewa huongezeka kadiri kasi inavyokuwa kubwa. Punje iliyotoka kwa kasi zaidi inapunguzwa zaidi. Zikifika mita 36, punje zote mbili, ya mtutu mrefu na ya mfupi, zimeshuka hadi karibu nusu ya kasi ya mwanzo, na pengo kati yao limebaki mita chache tu kwa sekunde. Kanga hataliona.

Imani ya "mrefu unapiga mbali" haikutoka hewani, lakini. Ni kumbukumbu ya gobole. Baruti nyeusi, ile inayoshindiliwa kwa mdomo wa mtutu, ina tabia tofauti na ya kisasa, na mitutu mirefu iliisaidia kweli. Magobole yaliingia bara kwa wingi katika karne ya 19 kupitia bandari za pwani kama Kilwa na Mikindani, na wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, ndiyo baadhi ya wapiganaji wa kusini walikuwa nayo mkononi mbele ya bunduki za kisasa za Wajerumani. Babu aliyesema mtutu mrefu ni bora alikuwa anasema kweli kuhusu bunduki yake. Sisi tumeirithi kauli, silaha imebadilika.

Kutawanyika: hapa ndipo penye kiini

Tuje kwenye nusu ya pili ya ile imani, kwamba ufupi ndio unaotawanya. Hapa watu wanaona jambo la kweli halafu wanalitafutia sababu isiyo yake.

Mitutu mingi ya shotigani haina upana sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sentimita chache za mwisho kabisa, karibu na mdomo, zimebanwa kidogo. Kidogo kweli: mbano mkali kabisa kwenye geji 12 unapunguza kipenyo kwa milimita 1 tu, pengine pungufu. Lakini milimita hiyo moja inayasukuma marisau ya pembeni kuelekea katikati, na kundi zima linasafiri likiwa limeshikamana kwa umbali zaidi. Ufundi huu ulienea miaka ya 1870, na mmoja wa walioutangaza sana ni W. W. Greener, mtengeneza bunduki wa Birmingham, Uingereza.

Umeona kinachofuata? Mtu akikata mtutu, kitu cha kwanza anachokitupa ni ule mbano, kwa kuwa uko mwishoni. Bunduki inaanza kutawanya. Yeye anasema "unaona, nimeufupisha, umetawanya." Kumbe kilichotawanya ni kukosekana kwa mbano. Mtutu mfupi uliotengenezwa kiwandani ukiwa na mbano wake unakusanya marisau sawa tu na mrefu wenye mbano uleule.

Tuweke namba. Desturi ya kupima ni kupiga karatasi kubwa kwa umbali wa mita 36.6 (yadi 40), kisha kuhesabu punje zilizoingia ndani ya duara lenye kipenyo cha sentimita 76. Mtutu usio na mbano kabisa huingiza asilimia 40 hivi. Wenye mbano kamili huingiza asilimia 70.

Gramu 28 za marisau namba 6 kwa kipimo cha Kiingereza (punje za milimita 2.6) zina punje 270 hivi. Kwa hiyo bila mbano unapata punje 108 ndani ya duara, na kwa mbano kamili unapata 189. Eneo la duara hilo ni sentimita za mraba 4,536.

Sasa kanga. Sehemu za mwili wake ambazo punje ikiingia inamwangusha papo hapo, yaani kichwa, shingo na kifua, tuzikadirie kuwa sentimita za mraba 100. Ni kadirio langu, ukitaka badilisha. Wastani wa punje zitakazopiga hapo kwa mita 36 ni 2.4 bila mbano, na 4.2 kwa mbano kamili.

Wastani peke yake unadanganya. Marisau hayajipangi kama askari kwenye gwaride. Yanaanguka kwa bahati nasibu, mahali pengine matatu, pengine hakuna. Hapa ndipo hesabu ya mwaka wa kwanza inapoingia: mgawanyo wa Poisson, uleule unaotumika kukadiria simu zinazoingia kwa dakika au ajali kwa mwezi. Tuseme kanga anahitaji angalau punje tatu ili afe mara moja. Kwa wastani wa 2.4, uwezekano wa kupata tatu au zaidi ni asilimia 43. Kwa wastani wa 4.2, ni asilimia 79.

Soma tena ile namba ya kwanza. Bila mbano, kwa mita 36, zaidi ya nusu ya mipigo inayolenga sawasawa kabisa haiui. Na "haiui" haina maana kwamba kanga ameondoka salama. Ameondoka na punje moja au mbili mwilini, akafie kichakani ambako wewe hutamwona, fisi atamwona. Kwangu mimi hili ndilo jambo la maana kuliko kasi, kuliko geji, kuliko jina la kiwanda.

Lakini sogea karibu. Kwa mita 18, mtutu uleule usio na mbano unaingiza asilimia 80 ndani ya duara: punje 216, wastani wa 4.8 kwa kanga, uwezekano wa asilimia 85. Yaani mtutu "mbaya" kwa mita 18 unaushinda mtutu "mzuri" kwa mita 36. Kwenye mikorosho, ambako huoni zaidi ya mita 20 kwa vyovyote, mbano kamili ni hasara, kwani kundi la marisau bado limebanana mno: ama unakosa kabisa ama unasaga nyama.

Hesabu hii ina udhaifu mmoja niutaje: nimechukulia kwamba punje zimesambaa sawa ndani ya duara, wakati kwa kawaida katikati huwa nyingi kuliko pembeni. Ukilenga sawasawa hali yako ni nzuri kidogo kuliko nilivyosema. Ukikosea kidogo ni mbaya zaidi.

Vitu ambavyo muuzaji hakuambii

Bunduki nyepesi inapiga bega. Gramu 28 kwa mita 400 kwa sekunde, ukijumlisha gesi, zinatoa msukumo wa karibu kilo-mita 13 kwa sekunde. Bunduki ya kilo 3.2 inarudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, nishati jouli 26. Ya kilo 2.6 inarudi kwa mita 5, jouli zaidi ya 32. Msukumo ni uleule, maumivu si yaleyale.

Kelele. Mtutu mfupi unaachia gesi ikiwa bado na mgandamizo mkubwa, na mdomo wake uko karibu zaidi na sikio lako. Shotigani yoyote inavuka desibeli 140, kiwango ambacho mpigo mmoja unaweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Ziba masikio. Mzee asiyesikia vizuri upande mmoja baada ya miaka mingi ya kuwinda hakurogwa.

Kanga anayeruka. Akipita kwa mita 15 kwa sekunde ukiwa umbali wa mita 30, marisau yanachukua kama sekunde 0.1 kumfikia, naye amesogea mita 1.5. Inabidi uzungushe bunduki pamoja naye na kupita mbele yake. Mtutu mrefu, kwa uzito wake wa mbele, ukianza kuzunguka unaendelea. Mfupi unaanza haraka na unasimama haraka, na wengi hukosa kwa sababu hiyo, wanapiga nyuma ya ndege. Kwa sungura au ndezi anayechomoka miguuni, wepesi huohuo unakusaidia.

Halafu hili, ambalo ningependa kila mnunuzi alijue: urefu wa mtutu si urefu wa bunduki. Shotigani ya mitutu miwili ya kukunja haina sanduku la mitambo nyuma ya mtutu. Ile ya kuvuta kwa mkono wa mbele, au inayojipakia yenyewe, inalo, na linaongeza sentimita 8 hadi 10. Kwa hiyo mitutu miwili ya sentimita 66 inaweza kuwa fupi sawa na ya kuvuta yenye mtutu wa 56. Ukitaka kitu kifupi cha kupita vichakani bila kupoteza uzungushaji, jibu mara nyingi ni hili, na si msumeno.

Kuhusu msumeno na bomba

Nchi nyingi zina mpaka wa ufupi. Marekani tangu 1934 mtutu wa shotigani chini ya inchi 18 (sentimita 46) una masharti mazito, na mwaka 1939 Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya Miller iliyohusu bunduki ya namna hiyo. Uingereza mpaka ni inchi 24. Sababu haihusiani na kanga hata kidogo: bunduki iliyokatwa inafichika kwenye koti, na hiyo ndiyo faida pekee inayopatikana.

Kwetu silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na leseni zinapitia polisi. Kumiliki silaha kwa halali hakukupi ruhusa ya kuwinda. Kanga ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 unahitaji kibali chake tofauti, uliza TAWA. Maeneo nayo yana wenyewe: mapori ya akiba ya Lukwika-Lumesule na Msanjesi kule Nanyumbu na Masasi, na huku pwani Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo ndani yake ina vijiji, mikoko na nchi kavu, si maji tu. Mtu anaweza kuwa amesimama kwenye shamba la shangazi yake na bado yuko hifadhini.

Na magobole ya kutengeneza mitaani? Ni kosa kisheria, lakini acha sheria kwanza, tazama mgandamizo. Risasi ya kawaida ya geji 12 inaruhusiwa kufika hadi baa 740 ndani ya mtutu. Tairi la gari lina baa 2.5 hivi. Bomba la maji la dukani limetengenezwa kwa ajili ya maji ya mtaani, mgandamizo wa baa chache, na lina mshono ubavuni. Baruti nyeusi ina mgandamizo mdogo kuliko huo wa 740, sawa, lakini aliyeshindilia kwa makadirio ya kiganja hajui ni mdogo kiasi gani. Mshono ukiachia, unaachia sentimita 30 kutoka usoni.

Punje iliyobaki kwenye nyama

Kuna jambo la mwisho, na linahusu hata wewe usiyewahi kushika bunduki ila umewahi kula kanga.

Ukipasua firigisi ya kanga unakuta vijiwe. Ndege hawana meno, wanameza mchanga na changarawe ili kusaga mbegu. Punje ya marisau iliyoanguka chini inafanana na kijiwe kizuri. Ikimezwa, firigisi inaisaga, asidi inaiyeyusha, na madini ya risasi yanaingia kwenye damu. Ndege wa majini wanaathirika zaidi kwa kuwa marisau hukusanyika kwenye tope wanalochakura. Marekani ilipiga marufuku marisau ya madini haya kwa kuwinda ndege wa majini mwaka 1991, Denmark ikayakataza 1996, na Umoja wa Ulaya ukayazuia kwenye ardhi oevu mwaka 2023. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia, AEWA, unaotaka yaachwe kwenye ardhi oevu. Maingilio ya Ruvuma ni tope na mikoko maili kwa maili.

Kwa mlaji hesabu ni fupi. Punje moja ya namba 6 ina uzito wa gramu 0.1, yaani miligramu 100. Ikigonga mfupa inamomonyoka, na vipande vingine ni vidogo mno kuonekana kwa macho. Tuseme mia moja ya punje moja tu, miligramu 1, imebaki kwenye kilo ya nyama. Kiwango cha juu cha kimataifa kwa nyama ya kuku ni miligramu 0.1 kwa kilo. Umeshavuka mara 10. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwenye ubongo. Kata nyama iliyozunguka jeraha, kata kwa upana bila uchoyo, usimpe mama mjamzito wala mtoto mdogo. Marisau ya chuma yapo, ila ni mepesi, hivyo unachukua punje kubwa zaidi, unasogea karibu zaidi, na unahakikisha mtutu wako umeruhusiwa kwa chuma; mitutu ya zamani yenye mbano mkali inaweza kuharibika.

Ukiniuliza ningechagua nini kwa vichaka vya Mtwara, ningesema mitutu miwili ya sentimita 66, geji 12 au 20, mbano wa robo upande mmoja na wa nusu upande wa pili. Kama ni mtutu mmoja wa 51, basi uwe na mbano unaobadilishwa. Lakini usiniamini mimi, iamini karatasi. Kwenye uwanja halali wa shabaha, ukiwa na mwenye leseni na mita 200 tupu nyuma ya karatasi (punje za namba 6 zinaweza kufika huko), piga mara tano, kila mara karatasi mpya, kwa umbali ambao kweli unakutana na kanga. Chora duara la sentimita 76 mahali punje zilipojaa zaidi, hesabu matundu, tafuta wastani. Kwa hesabu yetu ya punje tatu, unahitaji matundu 195 hivi ili ufikie asilimia 80. Ukipata 150, punguza umbali kwa mita tatu na uhesabu upya.